Maji ya Jangwani Yahesabiwe kwa Vichwa Vyote



Kila mwaka mvua ya masika ikikatika, hufika Diani wageni ambao hawatosheki na bahari peke yake. Pomboo wa Kisite wamekwisha waona, tembo wa Shimba wamekwisha waona, na sasa wanataka jangwa. Wanataka kupelekwa Chalbi, kupita mahali pasipo na njia, na kulala katika hema zilizofungwa juu ya motokaa ili watazame nyota. Mwenye motokaa hufurahi, kwa maana safari hiyo ina fedha nyingi kuliko kupeleka watu Shimba na kurudi jioni. Kisha hutafuta dereva, na mpishi, na mtu wa kufunga na kufungua mizigo. Baadhi ya watu hao hutoka kwetu Kikoneni, na wengine Lunga Lunga na Msambweni.

Sisi hatuzipingi safari hizo. Ni kazi, na vijana wetu wanahitaji kazi. Hapa kwetu tangu kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988 watu wamejua maana ya kukosa kazi, hata kilimo cha miwa kiliporudishwa baadaye hakikuwatosha wote. Na mgodi wa titani uliokuwa karibu na Msambweni nao uliacha kuchimba mwishoni mwa mwaka 2024. Basi mtu akiitwa kuendesha motokaa siku kumi, na aende. Tunalolipinga ni jinsi safari hizo zinavyopangwa.

Ndugu mmoja mpishi alituonyesha karatasi aliyopewa kabla ya kuondoka. Jina la mwenye motokaa hatulitaji. Karatasi imeandikwa vizuri sana kwa mashini. Wageni wanne. Hema mbili za juu ya motokaa. Viti vinne vya kukunja. Maji lita 200, yaani lita 10 kwa mtu kwa siku, kwa siku tano. Mvinyo umetajwa, na barafu imetajwa. Tukaisoma karatasi mbele na nyuma, tukitafuta mahali walipoandikwa madereva wawili na mpishi. Hawakuwamo. Watu saba wanakwenda jangwani, na karatasi inawajua wanne.

Na tufanye hesabu ile ile ya mwenye motokaa, bila kuongeza kitu. Lita 10 kwa kichwa kwa siku si anasa: nusu yake mtu atakunywa katika jua lile, na nusu ni ya kupikia, kuosha vyombo na kunawa. Vichwa saba kwa siku tano ni lita 350. Karatasi inasema 200. Lita 150 zilizopungua ni maji ya watu watatu, nao ni wale wawili walioshika usukani na yule anayepika. Je, maji yakianza kupungua siku ya nne, nani atakayeacha kunywa? Sisi tunajua jibu, kwa kuwa kwetu mtu hamnyimi mgeni maji. Dereva atajifanya hana kiu. Mpishi atalamba midomo. Na dereva aliyekauka koo husinzia, macho yakaona mazigazi yakadhani ni ziwa, na motokaa yenye wageni wanne imo mikononi mwake. Hata mwenye motokaa asiyejali mtu wake angejali wageni wake, lau angefikiri.

Wengine watasema: maji yapo Kalacha, yapo na Loiyangalani. Ni kweli, kuna chemchemi huko, ndizo zilizowafanya watu wakae. Lakini yale ni maji ya wenyeji, Wagabra na Waturkana, Warendille na Waelmolo, na ya ngamia na mbuzi wao, na mwaka wa ukame watu hungoja zamu kisimani tangu alfajiri. Mgeni huomba kwanza kwa wazee, na akipewa hulipa. Tena ziwa la Turkana lisimdanganye mtu kwa ukubwa wake, kwa maana maji yake yana magadi. Anayepanga safari kwa kutegemea kisima cha mtu mwingine hakupanga.

Sheria nayo iko wazi kuliko wenye motokaa wapendavyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 32, yamwagiza mwajiri kuwapa wafanya kazi wake maji safi ya kutosha mahali pa kazi. Haikusema mahali pa kazi pawe na paa. Chalbi ukipelekwa kufanya kazi, Chalbi ni mahali pako pa kazi. Kifungu cha 31 ni cha makao, kwamba mwajiri atoe mahali panapofaa pa kulala au alipe fedha za kumwezesha mtu kupapata. Hapo ndipo tunapojibiwa kwamba dereva analipwa posho ya usiku. Posho ya usiku ni nzuri ukiwa Nairobi au Isiolo. Lakini huko kwenye chumvi hakuna nyumba ya kupanga hata ungekuwa na gunia la noti.

Mpishi yule alilala wapi? Chini ya motokaa, upande wa Loiyangalani, mahali ambapo upepo wa usiku huvuma kama mtu aliyekasirika. Si ajabu upepo huo: ndio uliowafanya watu kusimamisha mitambo 365 ya umeme karibu na hapo, ikafunguliwa rasmi mwaka 2019. Upepo wa kuzungusha mitambo 365, na mtu amelala katika mchanga na shuka moja, huku nge wakitafuta joto. Madereva walilala kwenye viti, magoti yakigusa usukani. Asubuhi wageni waliteremka ngazi za hema wakasema wamelala vizuri sana. Hatuwalaumu. Hawakujua, maana hakuna aliyewaambia, nao walilipa fedha wakidhani kila mtu amewekewa mahali.

Hema moja la chini la watu watatu, lenye sakafu iliyoshonwa, na magodoro matatu membamba, si mzigo. Ni kilo chache, pungufu ya lile sanduku la barafu.

Sasa tuseme juu ya siku. Kutoka Kikoneni mpaka Kalacha ni zaidi ya kilomita 1,100. Siku hizi mtu aweza kupita Dongo Kundu asingoje feri ya Likoni, lakini kutoka Mombasa mpaka Nairobi bado ni karibu kilomita 480 za malori, na kutoka Nairobi mpaka Marsabit ni zaidi ya 500. Sheria ya Barabara, kifungu cha 66A, yakataza mtu kuendesha gari la abiria au la biashara zaidi ya saa 8 katika saa 24. Hesabu mwenyewe. Siku ya kwanza hufiki mbali kupita Nairobi. Siku ya pili ukifika Marsabit umejitahidi. Siku ya tatu ndiyo unaacha lami na kushika njia ya Maikona na Kalacha. Siku ya nne ni kuvuka, kwa North Horr, na kushuka kuelekea ziwani. Kurudi nako ni hivyo hivyo, ingawa kutoka Loiyangalani mtu hupata nafuu ya ile njia ya kilomita 208 iliyotengenezwa mpaka Laisamis kwa ajili ya mitambo ya upepo.

Karatasi tuliyoonyeshwa ni ya siku saba. Siku saba, kwenda na kurudi pwani! Haiwezekani ila kwa njia moja: kuendesha usiku. Ndiyo maana wageni huambiwa watasinzia garini na kuamka wameona bahari. Naye anayewaendesha asinzie lini? Tena sheria ile ile ya Ajira, kifungu cha 27, humpa mtu siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Sisi tunasema safari hii isipangwe chini ya siku kumi, na siku moja kati ya hizo magari yasimame kabisa, Marsabit au kando ya ziwa, na madereva wasipewe siku hiyo kazi ya kuosha motokaa. Wapumzike.

Kuna waajiri wanaosema, "Hawa ni vibarua tu, sheria hiyo haiwahusu." Ndugu, mshike neno hili vizuri. Sheria imeeleza kibarua ni nani: ni mtu alipwaye mwisho wa kila siku, na asiyeandikwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Mtu aliyeandikwa kwa safari ya siku kumi si kibarua, hata akiitwa hivyo mara mia.

Yako mambo ya njia yenyewe, nayo tunayasema kwa kuwa dereva wa Kikoneni hujifunza kazi kwenye matope ya masika na kokoto, akibeba maembe na korosho. Mambo ya mchanga na chumvi ni mengine. Mchanga wa ufukweni Diani haumfundishi mtu, maana ule hushikwa na maji ya bahari. Chalbi zamani ilikuwa ziwa, na sasa ni uwanda ulionyooka mpaka macho yachoke. Kiangazi waweza kuendesha kama juu ya sakafu. Lakini mvua ikinyesha, hata kidogo, juu huonekana ukoko mkavu mweupe na chini ni uji, motokaa ikizama huzama mpaka vyuma vya kati. Kwa hiyo miezi ya Machi mpaka Mei, na ile ya vuli, isiandikwe safari ya Chalbi hata mgeni akitoa bei gani. Na hata kiangazi, dereva akiwa na shaka hushuka akatangulia kwa miguu, akipiga ardhi kwa kisigino.

Penye mchanga laini hupunguza upepo wa magurudumu. Motokaa iliyojazwa ratili 35 au 40 hushushwa mpaka 18 au 20, gurudumu likapanuka chini kama unyayo wa ngamia. Wenzetu wengine hukataa, wakisema dereva hodari hapunguzi upepo. Huo si uhodari. Mwingereza Bagnold na wenzake, walipovuka jangwa la Libya kwa motokaa za Ford miaka ya 1920 na 1930, walipunguza upepo, wakachukua vipande virefu vya chuma vya kuweka chini ya magurudumu, na hata maji yanayochemka katika rejeta waliyakinga yasipotee. Aliyekuwa na akili hizo miaka 100 iliyopita si mtu wa kuchekwa na dereva wa leo. Lakini, na hili ni la mwajiri, dereva hawezi kupunguza upepo kama hakupewa pampu ya kuurudisha. Akifika kwenye mawe meusi ya kuelekea Loiyangalani na magurudumu laini, atayapasua yote. Pampu, spea mbili kwa kila motokaa, sepetu, kamba ya kuvutia, mbao za kuweka chini ya jeki, fenibelti ya akiba: hivyo vinunuliwe na mwenye motokaa, si dereva aazime kwa marafiki.

Na mafuta. Motokaa inayokunywa lita 14 kwa kilomita 100 kwenye lami yaweza kunywa 20 na zaidi mchangani. Ukipita Marsabit usitegemee kituo. Yale yanayouzwa kwa madebe vijijini leo yapo, kesho hayapo. Maji nayo yagawanywe katika motokaa zote mbili, katika madebe ya lita 20. Lita 350 ni madebe 18. Ukiyatia yote katika tangi moja, jiwe moja laweza kuwamaliza watu saba.

Tumesema motokaa mbili. Wako madereva wanaokubali kwenda peke yao kwa sababu mgeni ameahidi bakshishi. Twawaambia wazi kwamba hao wanatuvunja sisi wote, kwa maana mwajiri akipata mmoja wa kwenda peke yake hatatafuta tena wawili. Huko simu hazishiki katika nchi kubwa, na ukivunjika ekseli unaweza kungoja siku mbili usione gari. Wengine wamekwisha jua haya kabla yetu. Mwezi wa Januari na wa Februari 1941, majeshi ya Afrika ya Kusini na ya hapa kwetu yalipita nchi ile kwa malori yakienda kuiteka Mega kwa Wataliani. Jeshi lenye bunduki na ndege halikupeleka lori moja moja, na kabla ya kupeleka watu lilipeleka wahandisi wa kuchimba visima. Maji kwanza, watu baadaye. Katika vita waliweza kufikiri hivyo. Je, katika starehe ishindikane?

Mahali pa kupiga kambi pia pasichaguliwe na mgeni kwa sababu ya picha. Mgeni hupenda kulala ndani ya laga, ule mto mkavu, kwa kuwa mchanga wake ni laini na kuna miti kando. Mvua ikinyesha milimani mbali, ambako hata radi yake hamkuisikia, maji hushuka usiku kwa kishindo na kuchukua motokaa na waliomo. Na saa kumi na moja ya jioni kazi ya njia iishe, mahali pawe pameonekana kabla ya giza. Kabla ya kuondoka Marsabit polisi waambiwe njia itakayoshikwa na siku ya kurudi, na achukuliwe mwenyeji wa kuonyesha njia. Huyo naye ni mfanya kazi! Aandikwe katika karatasi, ahesabiwe maji yake na mahali pake pa kulala, alipwe kwa siku na si kwa sigara. Tukimdai mwajiri haki yetu, kisha tukampunja kijana wa Kigabra aliyetuokoa tusipotee, tutakuwa tumejifunza nini?

Hapo wamekuwa watu wanane, na maji ni lita 400.

Sasa neno lililo zito kuliko yote. Nani husema "twende" au "tusiende"? Mpaka leo msemaji ni mgeni, kwa kuwa ndiye aliyelipa, au mwenye motokaa aliye Diani kwenye kiti chake akipigiwa simu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, inasema mfanya kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu amjulishe msimamizi wake, na asilazimishwe kurudi penye hatari hiyo mpaka itakapoondolewa. Dereva akishuka akapiga kisigino ardhi ikatitia, hiyo ni hatari iliyo karibu. Twataka iandikwe katika karatasi ya safari, mbele ya mgeni, kabla ya kuondoka pwani, kwamba habari ya njia husemwa na dereva na hakatwi mshahara kwa kugeuza motokaa. Wageni wengi wakiambiwa hivyo tangu mwanzo hukubali bila ugomvi. Anayekataa ni afadhali ajulikane akiwa bado Diani.

Tena waulizeni waajiri juu ya ndege. Mgeni akiugua jangwani, bima yake humwita daktari wa ndege, kama wale wa AMREF walioanza kazi hiyo mwaka 1957, na viwanja vidogo vya ndege viko Kalacha, North Horr na Loiyangalani. Mpishi akiumwa na nyoka ataitiwa nani? Kuna Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, lakini fidia huja baadaye, na sumu haingoji. Jina la kila mfanya kazi liandikwe katika bima ile ile ya safari, na nambari yake ipewe dereva, si kufungiwa kabatini ofisini.

Tumeambiwa kwamba gharama hizi zitawakimbiza wageni. Hatukubali. Madebe manane zaidi ya maji, maana 10 yamekwisha andikwa, na mtu mmoja aliyeongezeka ni madebe mawili, hema la chini moja, magodoro manne na siku tatu zaidi: gawanya kwa wageni wanne, uone kama mtu aliyetoka Ulaya kwa ndege atarudi kwao kwa ajili ya hayo. Siku tatu ndizo zenye gharama kweli, hatufichi, nazo ndizo zitakazobishaniwa. Juu ya hizo tuko tayari kuzungumza. Kama mwajiri anataka siku chache, awapandishe wageni ndege mpaka Marsabit au awapokee Nairobi, motokaa zitangulie mapema na madereva waliolala. Juu ya maji hatuzungumzi.

Tawi litaandika mambo haya katika karatasi moja, nayo itapelekwa kwa wenye motokaa kabla ya mwezi wa Juni. Kila ndugu aliyewahi kupita njia ya Maikona au ya Laisamis na alete habari zake kwa katibu, hasa habari za visima, mahali laga zinapokata njia, na bei ya haki anayolipwa mwenyeji wa kuonyesha njia. Wapishi pia waje, kwa maana katika mikutano iliyopita wamesema madereva tu. Atakayeitwa safarini kabla karatasi hiyo haijawa tayari, aombe kuonyeshwa hesabu ya maji, ahesabu vichwa mwenyewe, na akikuta vimepungua amwite katibu kabla motokaa haijapakiwa.